Draivu au kadi: mtaji ulilala wapi katika soko la DVD za kompyuta

Mnunuzi aliyeingia duka la kompyuta kati ya mwaka 1997 na 2000 akitaka mashine yake ya nyumbani icheze filamu za DVD mara nyingi alionyeshwa boksi moja lenye vitu viwili. Cha kwanza ni draivu, yaani chombo kinachoimeza diski na kuisoma kwa mwanga wa leza. Cha pili ni kadi ya dikoda, bodi ndogo ya kuchomekwa ndani ya kompyuta, ambayo kazi yake ni kuzifungua picha zilizobanwa kwenye diski ili zionekane kwenye skrini. Anayekifahamu king'amuzi cha televisheni anaweza kuihesabu kadi hiyo kuwa ndugu yake mdogo. Boksi la namna hiyo mwanzoni liliuzwa kwa mamia ya dola, na muuzaji alilitaja kana kwamba ni bidhaa moja.

Kibiashara zilikuwa bidhaa mbili zenye umri tofauti kabisa. Draivu iliendelea kuuzika kwa miaka mingi. Kadi ilipanda na kushuka ndani ya miaka isiyozidi minne. Mwenye duka aliyejaza kabati kadi hizo, na mwenye fedha chache aliyenunua hisa za kampuni iliyozitegemea, wote wawili walikuwa wamebeba hatari ambayo ungeweza kuiona mapema kama ungeuliza swali moja: je, kazi ya kitu hiki inaweza kufanywa na kitu kingine ambacho mteja tayari anacho?

Kwa nini kadi ilihitajika

DVD ilianza kuuzwa Japani Novemba 1996 na Marekani Machi 1997. Diski ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7, ya tabaka mbili 8.5, wakati CD ya kawaida ya kompyuta ilikuwa na megabaiti 650 tu. Pamoja na nafasi yote hiyo, filamu ya saa mbili haiingii mpaka ibanwe. Hubanwa kwa utaratibu uitwao MPEG-2, na kila inapochezwa lazima ifunguliwe papo hapo, picha 25 kwa sekunde katika mfumo wa PAL ambao Tanzania na Kenya ziliutumia, au karibu 30 katika mfumo wa NTSC wa Marekani. Picha moja ya PAL ina nukta 720 kwa 576. Hesabu hiyo ikizidishwa mara 25 hupatikana nukta zaidi ya milioni 10 kila sekunde, na bado sauti nayo inasubiri kufunguliwa.

Prosesa ya Pentium ya megahezi 133 au 166 haikuimudu kazi hiyo peke yake. Picha zilirukaruka na sauti ikaachana na midomo ya wasemaji. Kadi ya dikoda ilikuja na chipu yake yenyewe iliyotengenezwa kwa kazi hiyo moja, kwa hiyo prosesa ikabaki na kazi nyepesi ya kuhamisha data kutoka kwenye diski. Kompyuta ya zamani ikaweza kuonyesha filamu bila kukwama. Hapo ndipo thamani ya kadi ilipokuwa, na ilikuwa thamani ya kweli.

Namba zilizobandikwa kwenye draivu

Kwa upande wa draivu, wanunuzi wengi waliangalia namba ya kasi: 2x, 5x, 6x, baadaye 8x na 12x. Kila namba ilipoongezeka bei nayo ilipanda. Sasa, kasi ya 1x ya DVD ni takriban kilobaiti 1,385 kwa sekunde, karibu mara tisa ya kasi ya 1x ya CD ambayo ni kilobaiti 150. Kanuni za DVD haziruhusu filamu kudai zaidi ya megabiti 10.08 kwa sekunde, sawa na kilobaiti 1,260. Maana yake ni kwamba filamu yoyote halali inapita kwenye draivu ya 1x, na draivu ya 2x ina ziada ya kutosha. Aliyelipa zaidi ili apate 8x kwa ajili ya kutazama filamu alinunua kelele, kwa sababu diski inayozunguka kwa kasi kubwa huvuma ndani ya boksi la kompyuta. Kasi ilimfaa aliyetaka kunakili data nyingi au kuweka programu kubwa kwenye diski kuu ya mashine yake.

Jambo lililostahili kulipiwa halikuandikwa kwa herufi kubwa. Draivu za kizazi cha kwanza zilitumia leza ya nanomita 650 peke yake, ambayo ndiyo ya DVD. CD za kiwandani zilisomeka vizuri kwa leza hiyo. Lakini CD za kurekodia, zile ambazo mtu hujichomea data mwenyewe, hutumia rangi maalumu iliyokusudiwa leza ya nanomita 780, na chini ya leza ya DVD rangi hiyo hairudishi mwanga wa kutosha. Matokeo yake mteja alifika nyumbani, akaondoa draivu yake ya zamani ya CD, akafunga mpya, kisha akakuta hesabu zake za mwaka mzima alizozihifadhi kwenye CD za kurekodia hazisomeki. Draivu za kizazi cha pili zilileta leza mbili na tatizo likaisha. Katika mwaka 1998 aina zote mbili zilikuwa sokoni kwa pamoja, na mwenye duka aliyeagiza za kizazi cha kwanza kwa sababu ya bei nafuu alirudishiwa mzigo.

Kadi yenyewe

Kwa mtu aliyetaka kadi, majina yaliyokuwa yakitajwa sana ni Creative ya Singapore, iliyouza vifurushi vya draivu na kadi za Dxr2 na kisha Dxr3, na Sigma Designs ya California, iliyouza kadi ya Hollywood Plus. Ndani ya Dxr3 na Hollywood Plus mlikuwa na chipu ile ile ya EM8300 iliyobuniwa na Sigma. Aliyejua hilo hakuwa na sababu ya kulipia jina. Alilinganisha waya zilizomo, programu zilizofuatana na bidhaa, na dhamana.

Yako mambo ya kupimwa ambayo muuzaji mwaminifu alipaswa kumweleza mteja. Kadi hula nafasi moja ya PCI kwenye madabodi, na mashine nyingi za nyumbani tayari zilikuwa na kadi ya sauti na modemu. Kadi za aina hii ziliipitisha picha ya kompyuta yote ndani yake kwa waya uliotoka kadi ya picha, ukaingia kwenye dikoda, kisha ukaenda kwenye skrini. Waya duni ulififisha maandishi muda wote, hata siku ambazo hakuna filamu iliyochezwa. Kwa mwenye kufanya kazi za ofisi kwenye mashine hiyo, hiyo ni hasara ya kila siku kwa starehe ya Jumamosi.

Faida kubwa ya kadi ilikuwa tundu la televisheni. Mwenye televisheni nzuri sebuleni aliweza kuunganisha waya na kutazama filamu mbali na skrini ndogo ya kompyuta, na sauti ikapelekwa kwenye spika za nje kwa waya wa kidijitali. Hata hapo kulikuwa na la kuuliza: je, kadi inatoa PAL, au imeletwa ya NTSC tu kwa soko la Marekani?

Lililosahaulika zaidi ni programu ya kuiendesha kadi. Nyingi ziliandikiwa Windows 95 na 98. Windows XP ilipotoka Oktoba 2001, kadi nzima ilitegemea huruma ya kampuni kuandika programu mpya kwa bidhaa ambayo haikuwa ikiiuza tena. Draivu haikuwa na shida hiyo, maana Windows iliitambua yenyewe.

Adui kutoka ndani na kutoka nje

Mei 1997 Intel ilitoa prosesa za Pentium II. Ile ya megahezi 300 ilitangazwa kwa karibu dola 2,000 kwa wanunuzi wa jumla. Miezi 15 baadaye, Agosti 1998, kampuni hiyo hiyo ilitoa Celeron ya megahezi 300 kwa takriban dola 150. Hazikuwa prosesa za aina moja, lakini kwa kazi ya kufungua filamu tofauti yake haikumsumbua mtazamaji wa nyumbani. Programu za kucheza DVD bila kadi, kama PowerDVD ya CyberLink ya Taiwan na WinDVD ya InterVideo ya California, zilipata mahali pa kukimbilia. Nazo kadi za kawaida za picha, mathalani za ATI ya Kanada, zilianza kubeba sehemu ya kazi ya MPEG-2 ndani yake bila mteja kulipa bei ya kadi ya ziada.

Hapa ndipo msomaji mwenye mtaji mdogo anapaswa kutulia kidogo. Kadi ina chipu, kumbukumbu, bodi, waya, boksi na nauli ya meli. Kuna bei ambayo chini yake mtengenezaji hawezi kushuka. Programu ikishaandikwa, nakala ya pili haigharimu karibu chochote isipokuwa ada za haki za ubunifu. Kwa MPEG-2 ada hiyo ilikuwa dola 4 kwa kila dikoda, iwe ya kadi au ya programu, na ikapunguzwa kuwa dola 2.50 mwaka 2002. Bidhaa yenye gharama ya kiwanda inapogombana na nakala ya dola chache, mteja akiwa tayari amelipia prosesa ya kuiendesha, ushindani umekwisha kabla ya kuanza.

Kutoka nje nako kulikuwa na deki. Deki za DVD za mezani zilishuka bei haraka, hasa viwanda vya China vilipoingia sokoni, na mwaka 2000 zilipatikana Marekani kwa chini ya dola 200. Mtu aliyetaka kutazama filamu kwenye televisheni hakuhitaji tena kufungua boksi la kompyuta na kuhangaika na waya. Kadi ikabanwa pande zote mbili.

Hesabu ya mwenye duka

Tuchukue mfano wa kubuni, kwa ajili ya somo tu. Mfanyabiashara ananunua kadi 30 kwa dola 100 kila moja. Mtaji ni dola 3,000. Kabla upepo haujageuka anauza 12 kwa dola 130 na kupata dola 1,560. Zilizobaki 18 zinadoda. Baada ya miezi minane anaziuza kwa dola 40 ili asafishe kabati, anapata dola 720. Jumla dola 2,280. Amepoteza dola 720 kabla ya kuhesabu nauli, ushuru na pango la duka.

Jirani yake ananunua draivu 30 kwa bei ile ile. Naye anauza 12 kwa dola 130, na 18 anazipunguza hadi dola 85 kwa sababu draivu mpya zenye kasi zaidi zimeingia. Anapata dola 1,560 na 1,530, jumla 3,090. Faida ni ndogo, pengine nauli imeimeza, lakini mtaji wake umerudi mkononi na anaweza kufuata mzigo mwingine. Wote wawili walikutana na kushuka kwa bei. Tofauti ni kwamba wa pili aliuza kitu ambacho hata mwenye prosesa kali bado alikihitaji: hakuna programu inayoweza kuisoma diski bila draivu.

Wapo waliouza kadi na kupata faida nzuri. Hao waliagiza chache, wakazielekeza kwa wateja wenye Pentium za zamani waliotaka tundu la televisheni, na hawakuongeza oda pale kompyuta mpya zilipoanza kufika na prosesa za megahezi 300 na kuendelea. Mteja wa namna hiyo alinufaika pia, kwani kwake kadi ilikuwa nafuu kuliko kununua kompyuta nyingine.

Namba ya kanda na safari ya Dubai

Kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki kulikuwa na mtego wa ziada. Kampuni za filamu ziligawa dunia katika kanda, na diski ya kanda moja hukataa kucheza kwenye chombo cha kanda nyingine. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya ya Magharibi, Japani, nchi za Ghuba na Afrika Kusini ni kanda ya 2. Tanzania, Kenya, Uganda na sehemu kubwa ya Afrika ziliwekwa kanda ya 5, pamoja na India. Kwa hiyo aliyefuata mzigo Dubai au Johannesburg alirudi na diski halali za kanda ya 2 kuziuza katika nchi za kanda ya 5.

Kabla ya mwaka 2000 draivu nyingi hazikujali kanda. Kufuli lilikuwa kwenye kadi au kwenye programu. Kuanzia Januari 2000 draivu mpya zilitakiwa ziwe na kufuli ndani yake zenyewe, na mwenye mashine aliruhusiwa kubadili kanda mara tano tu, baada ya hapo draivu hubaki kwenye kanda ya mwisho. Mafundi wasiojua walizijaribu draivu za duka kwa filamu yoyote iliyokuwa karibu, wakakubali kila swali lililotokea kwenye skrini. Draivu ikauzwa kama mpya ilhali nafasi zake tatu za kubadili zimekwisha. Mteja akaja juu, na mwenye duka hakuelewa analalamikiwa nini.

Hisa zilikwenda wapi

Kampuni zilizotengeneza chipu za dikoda hazikuishia mahali pamoja. Chromatic Research, iliyotegemea chipu ya kazi nyingi iitwayo Mpact, ilinunuliwa na ATI mwaka 1998. C-Cube, ambayo chipu yake ilikuwa ndani ya Dxr2, ilichukuliwa na LSI Logic mwaka 2001. Sigma Designs iliachana na kadi za kompyuta na kuhamia chipu za ving'amuzi vya televisheni, ikaishi miaka mingi kwa kazi hiyo, hadi ilipouza biashara zake na kuanza kufungwa mwaka 2018. Creative ilirudi kwenye kadi za sauti na vichezeo vya muziki vya mkononi.

Ikumbukwe kwamba kazi ya kufungua picha haikufa. Leo kila simu ya mkononi inayoonyesha video ina kipande cha dikoda ndani ya chipu yake kuu, na hakuna anayekinunua peke yake dukani. Waliolipwa kwa utulivu zaidi ni wenye hataza za MPEG-2, kwa sababu walikusanya ada kadi ilipouzwa, programu ilipouzwa na deki ilipouzwa, hadi hataza za mwisho za Marekani zilipoisha Februari 2018. Mwekezaji aliyezipima kampuni kwa wingi wa kadi zilizopangwa kwenye maduka hakuiona fedha hiyo.

Draivu ya DVD bado ina mteja hadi leo. Kompyuta nyingi za mapajani hazina tena nafasi ya diski, na wenye diski za harusi, za mahubiri na za masomo huhitaji draivu ya nje ya waya wa USB ili wazihamishie kwenye simu. Windows 8 ya mwaka 2012 iliacha kuja na uwezo wa kucheza filamu za DVD, hivyo muuzaji makini humwekea mteja programu ya VLC, ambayo hailipiwi. Kabla ya kupokea mzigo wa draivu hizo, hasa zilizotumika, inafaa kuzijaribu kwa diski tatu: ya kiwandani, ya kurekodiwa nyumbani, na ya tabaka mbili. Ya kiwandani isomwe kwa kufungua mafaili yake tu, bila kuchagua kanda, ili hesabu ya mabadiliko isiguswe. Draivu iliyochoka kwa kawaida huanza kukwama kwenye ile ya kurekodiwa.